Utani bila mtani: kwanini watu wanazingua kwenye gemu za mtandaoni

Tulikuwa tunacheza PUBG Mobile, gemu ya simu ya kupigana mpaka ibaki timu moja, na tulikuwa tumebaki watu 6 kati ya 100. Mi, mdogo wangu, na jamaa mmoja ambae hatumjui, tumejibanza nyuma ya jiwe juu ya kilima, na kule chini kwenye nyasi kuna watatu wa skwadi nyingine, basi, ndo hao tu. Ilikuwa inakaribia saa sita usiku, tupo nyumbani Mwanga, Kigoma, simu ya mdogo wangu ina ufa kwenye kioo kuanzia kona ya juu mpaka katikati na ilishapata moto mpaka kaizungushia kitambaa, bando langu lilikuwa limebaki kama MB 200 nimemwashia hotspoti na yeye anatumia, kila sekunde naangalia isije ikakata. Dogo ana miaka 13. Alikuwa hajawahi kula chiken dina, yaani kushinda mechi, hata mara moja tangu aanze kucheza, na safari hii kaua wanne peke yake, mi mwenyewe nilikuwa nimemuacha aongoze.

Yule jamaa wa tatu alikuwa anaongea Kiswahili, na hapo ndo tulipomwamini. Kama unacheza PUBG Mobile huku kwetu unajua, tunaingia seva za Ulaya au za Mashariki ya Kati, dakika nzima unasikia Kiarabu, Kituruki, Kirusi, alafu ghafla kwenye maiki mtu anasema "oya wanangu tushuke wapi", yaani raha yake ni kama umekutana na jirani yenu stendi ya mji usioujua. Tulimpa risasi, tukampa bandeji, mdogo wangu alimpa hadi skopu yake, ile darubini ya bunduki. Akatuambia "subirini wanangu, nina maguruneti matatu, nawasafisha wote." Tukasubiri. Nikasikia mlio wa pini. Akalirusha miguuni kwetu.

Tukanokiwa wote wawili palepale, yaani tukaanguka chini hoi, hatuwezi kupigana. Na hakukimbia, alisimama juu yetu, akawa anachuchumaa anasimama, anachuchumaa anasimama, huku anacheka kwenye maiki, kicheko cha kweli kabisa cha mtu mwenye furaha, mpaka wale watatu wa chini wakapanda kilima wakamuua na yeye. Akatoka bila kusema neno. Mdogo wangu akaigeuza simu kifudifudi kwenye mkeka, akatoka nje uani akakaa kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa. Hakulia. Afadhali angelia.

Hii ni mwaka juzi na mpaka leo inanikaa, na kinachonikaa sio kufungwa, gemu ni kufungwa na kufunga. Kinachonikaa ni kwamba na yeye alifungwa. Dakika karibu 30 kahangaika na sisi, kakimbia zoni, ule mduara unaozidi kubana na kumuua aliyebaki nje, kajificha kwenye choo cha nyumba ya mbao, kafika sita bora, ushindi upo mkononi, alafu anaumwaga chini kwa hiari yake. Mchoyo namwelewa, mwizi namwelewa, hata mtu anaetumia hila kushinda namwelewa. Ila mtu anaechoma nyumba na yeye yumo ndani?

Nikaanza kusoma. Mi sio mwanasaikolojia, ni mtu wa kawaida tu, ila swali likinikamata silali.

Kwanza nikagundua hili jambo ni la zamani kuliko mimi. Moja ya gemu za kwanza kabisa za watu wengi kuingia kwenye dunia moja kupitia kompyuta, iliyoitwa MUD, ilitengenezwa chuo kikuu cha Essex, Uingereza, kuanzia 1978, maandishi matupu, hamna hata picha. Na mmoja wa waliyoitengeneza, Richard Bartle, mwaka 1996 akaandika kwamba wachezaji wapo wa aina nne, kuna wanaotafuta pointi, kuna wanaotafuta kuzijua siri za dunia ile, kuna wanaotafuta watu wa kupiga nao stori, na kuna aliowaita wauaji, ambao utamu wao ni kumfanyia mtu mwingine kitu. Na kadiri yule mtu anavyoumia ndo utamu unavyozidi, kwasababu kuumia kwake ndo ushahidi kwamba umemfikia. Maandishi matupu, enzi zile, na watu walishaanza kuzinguana.

Hiyo ikanifungua nusu. Yule jamaa wetu ushindi ungekuwa wa wote, wa kugawana, na kwa haki ungekuwa zaidi wa mdogo wangu. Ila kile kimya cha kwenye maiki baada ya guruneti, ile pumzi ya mtoto iliyokatika, ile ilikuwa ya kwake peke yake, hagawani na mtu. Hakumwaga ushindi. Alibadilisha ushindi wa kugawana akachukua wa peke yake.

Nusu ya pili sikuipata kwenye kusoma, niliipata Kibirizi.

Kuna dogo mmoja, simtaji, wa miaka 20 hivi, kazi yake ni boti za dagaa. Kwa wasioijua Kigoma niwaambie kidogo, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza, unawasha taa juu ya maji, zamani karabai sasaivi taa za betri na sola, dagaa wanaifuata taa, unawainua na wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa yako haina maana, ziwa lote lina mwanga, kwahiyo siku zile za mbalamwezi boti zinakaa nchi kavu na vijana wanakaa nchi kavu, hawana hela na hawana kazi na hawana usingizi, maana mwili ulishazoea kukesha. Na mi nilikuwa nimeanza kuona kitu, kwamba zile siku za mbalamwezi ndo kwenye vijiwe vyetu vya gemu fujo inazidi, ndo unasikia "fulani katutosa wote na gari ziwani", "fulani kapasua matairi akatuacha nje ya zoni". Mwaka 2024 ziwa lilivyofungwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, miezi mitatu mizima, nilisikia visa vya kuzingua kuliko kipindi chochote. Sijapima kwa kalamu, nasema nilichokiona. Ila kuna watafiti wawili wa Uingereza, Thacker na Griffiths, mwaka 2012 walitoa utafiti wa wachezaji 125, na sababu walizozipata ni kujifurahisha, kulipiza kisasi, na kuboreka, yaani kuchoshwa na kukaa bila la kufanya. Kuboreka! Mtu akiisoma Ulaya anaona ni neno dogo. Mi nikiisoma naona ule mchanga wa Kibirizi na boti zimelala ubavu na vijana wameinamia simu.

Basi huyu dogo alikuwa anajulikana kwa kuzingua, mwenyewe anajisifu. Siku moja nikamkuta kakaa kwenye ukingo wa mtumbwi anashona wavu. Shikamoo kaka, marahaba, nikakaa. Nikamuuliza kwa upole tu, maana ukimuuliza mtu kama polisi anakujibu kama mwizi. Nikamwambia nieleze, ukimlipua mwenzako unapata nini.

Akashona mafundo kama matatu kwanza. Alafu akasema, "Kaka, kwenye boti mimi ndo mdogo. Mi ndo natoa maji kwa ndoo. Nikichelewa natukanwa, nikiwahi natukanwa, wavu ukikwama ni mimi, dagaa wasipokuja ni mimi nina mkosi. Usiku mzima jina langu wanaliita kwa hasira. Sasa kule mtu ananiamini, ananiita kamanda, ananisubiri mi niseme, alafu mi namgeuka. Anapiga kelele na hajui ata mi ni nani. Kaka, ile kelele."

Hakumalizia. Na mi sikumhimiza.

Nikamuuliza ilianzaje. Akasema ilianza kwake yeye, alifanyiwa na mtu wa seva ileile, kipindi hajui hata kubadilisha bunduki, wakawa wanamcheka kwa lugha asiyoielewa, ila kicheko unakielewa. Wiki ile ile akamfanyia mwingine. Sasa nilivyokuja kusoma utafiti wa Christine Cook na wenzake wa Tilburg, Uholanzi, uliotoka 2018, nilishtuka kidogo. Wale walifanya kitu ambacho wengi hawafanyi, waliwatafuta matroli wenyewe, yaani wazinguaji wa mtandaoni, watu 22, wakakaa nao wakawauliza. Na wanachoeleza ni mzunguko, wengi walianza kwa kutroliwa, wakajifunza palepale jinsi inavyofanywa, na wakaendeleza. Raha yao wenyewe, kisasi, kutafuta msisimko, hizo ndo sababu walizozitaja. Yaani yule dogo wa Kibirizi ungeweza kumuweka kwenye ile orodha awe wa 23 na asingeongeza neno jipya.

Na ngoja niseme na hili ambalo ni gumu kwangu. Kama wiki tatu baada ya lile guruneti nilikuwa nimelala chumbani nikamsikia mdogo wangu sebuleni anacheza na maiki imewashwa, anaongea na mtoto mwenzake, sauti ya yule mtoto ni nyembamba kabisa, ya Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, cha Kongo, anasema "ngojea mimi kaka, ngojea mimi, nakuya." Na mdogo wangu anamjibu "njoo njoo, gari ipo hapa." Alafu nasikia risasi nne, pa pa pa pa. Matairi. Zoni inakuja, mtoto wa watu hana gari, na mdogo wangu anacheka. Na kicheko kilikuwa kilekile. Mi ndo nilikisikia usiku ule, siwezi kukisahau, kilekile cha yule jamaa wa kilimani.

Nilitoka nikamwambia zima. Akazima. Nikamuuliza kwanini, akanijibu bila hata kufikiria, "si na sisi walitufanyia?" Nikamwambia sio huyu aliyetufanyia. Akanyamaza, akaangalia ule ufa wa kioo. Kwake yeye wale wote ni mtu mmoja. Hawana sura, wana jina la herufi na namba, kwahiyo deni la mmoja analipa yeyote.

Na hapa ndo nilipo na hoja yangu hasa.

Sisi tunaijua hii kitu. Tunaijua kuliko hao watafiti, tena tuna jina lake na tuna sheria zake. Inaitwa utani. Babu na mjukuu ni watani. Shemeji na shemeji. Kabila na kabila, Wanyamwezi na Wazaramo kwa mfano, wazee wanakwambia ulikolea kwenye njia ya misafara, ileile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora ikaishia hapa Ujiji, watu wa mbali wanapita kwenye nchi za watu, na badala ya kupigana wakawekeana utani. Mtani anaruhusiwa kukutukana. Anaruhusiwa kukunyang'anya kofia. Bibi yetu alivyofariki, pale Ujiji, watu wamekaa chini wanalia, akaja mtani wake mzee mmoja akaanza kuigiza bibi alivyokuwa anakohoa, kikohozi kilekile, na alivyokuwa anahesabu hela mara mbili mbili, alafu akalala mlangoni akasema maiti haitoki mpaka nipewe changu. Mama yangu, ambae hakuwa amekula siku mbili, alicheka mpaka akashika ukuta. Ule ni uzinguaji. Ukiuangalia kwa nje hauna tofauti, mtu anakuharibia jambo lako zito mbele ya watu na anacheka.

Ila yule mzee ndo aliyeshika jembe la kwanza kuchimba kaburi. Na mwaka uliofuata, kwenye msiba wa kwake, sisi ndo tulienda kuwazingua. Utani una zamu. Una sura, unajulikana we ni mtoto wa nani. Una kipimo, ukipitiliza kuna mtu mzima anasema "basi, hapo imetosha" na inatosha. Na una wajibu nyuma yake, anaekucheka ndo anaekuzika.

Sasa chukua hiyo kitu, toa sura, toa zamu, toa mtu mzima, toa kaburi. Unabakiwa na guruneti la miguuni. John Suler, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 2004 aliandika kwanini watu wakiwa mtandaoni wanajiachia, na mambo aliyoyataja ni haya haya, hujulikani, huonekani, huoni mwenzako anavyoumia, hamna mkubwa juu yako, na yule mwenzako anageuka kuwa kama mtu wa kwenye kichwa chako tu. Nilivyokuwa nasoma nilikuwa naona anaeleza utani uliokatwa miguu. Kiu ya kuchokozana binadamu wote tunayo, na wazee wetu hawakuikataza, waliijengea nyumba. Mtandaoni tumeibeba kiu, nyumba tumeiacha.

Kuna watu watasema hapana, hawa ni watu wabaya tu basi. Wapo, sikatai. Mwaka 2014 Erin Buckels na wenzake wa Kanada walitoa utafiti kwamba wanaopenda kutroli ndo hao hao wanaopata alama za juu kwenye vipimo vya kufurahia maumivu ya wengine. Naamini kabisa wapo, na hao mi sina dawa yao, wapigwe bani, wafungiwe gemu, waende.

Ila sio wengi. Riot Games, wale wa Marekani wenye League of Legends, gemu ya tangu 2009, walikuwa na kikosi cha kuchunguza tabia, mmoja wao Jeffrey Lin, na walivyopiga hesabu wakakuta wale wachezaji wabaya wa kila siku wanachangia kama asilimia 13 tu ya ubaya wote. Asilimia 87 inatoka kwa watu wa kawaida, watu ambao siku nyingi wapo vizuri tu. Soma tena hiyo. Na watafiti wa Stanford na Cornell mwaka 2017 walifanya jaribio, wakawapa watu maswali, wengine mepesi wengine magumu ya kuvunja moyo, alafu wakawaambia wasome habari watoe maoni. Waliokuwa na moyo mweupe na wakakuta maoni mazuri yametangulia, asilimia 35 ya maoni waliyoandika yalikuwa ya kuzingua. Waliokasirishwa na wakakuta wengine washazingua, asilimia 68. Karibu mara mbili. Watu walewale wa kawaida, tofauti ni siku waliyoamka nayo na walichokikuta kimeandikwa.

Kwahiyo mi nikisikia mtu anasema "ripoti tu, piga bani" naona ni sawa ila ni robo ya kazi. Wale wa League of Legends walifanya kitu kidogo sana, walizima maongezi kati ya timu pinzani, hawakuyafuta, waliyazima tu, aliyeyataka aliyawasha mwenyewe. Maneno machafu yakashuka zaidi ya asilimia 30 na maongezi yenyewe yakabaki karibu kiasi kilekile. Hiyo hatua moja tu ya kuwasha inampa mtu sekunde ya kujiuliza. Kwenye msiba ile sekunde ni yule mzee anaesema basi.

Kuna binamu yangu wa kike yupo Gungu, anacheza vizuri kunizidi mbali, na mpaka leo maiki hawashi. Aliwasha zamani mara mbili tatu, akisema tu "adui kushoto" mechi imeisha, wanaume watatu wanaacha maadui wanaanza kumuuliza vitu ambavyo sitaviandika hapa, na akikataa kujibu wanamlipua. Sasa anaongoza skwadi kwa kubonyeza alama kwenye ramani, bubu, na wanaomfuata wanamwita "bro". Hili sio utani wa aina yoyote na silifananishi na utani. Linaniuma peke yake. Na kama kuna kitu cha kwanza cha kurekebisha mi ningeanzia hapo, kabla hata ya maguruneti.

Nirudi kwa yule dogo wa boti. Tulivyoongea pale kwenye mtumbwi sikumpa hotuba, nilimwambia tu mwezi huu mbalamwezi ikifika njoo pale banda la gemu Mwanga, tucheze tumekaa pamoja. Akaja. Tulikaa benchi moja, mi, yeye, mdogo wangu, na jamaa mmoja fundi simu, mabega yanagusana maana benchi ni fupi, harufu ya samaki wa kukaanga inatoka kwa mama wa jirani, kila mtu na simu yake ila ukimsema mtu unamgeukia. Alitutania sana. Alimwambia mdogo wangu anakimbia kama bata wa Katonga, mdogo wangu akamwambia yeye akishika skopu anatetemeka utadhani anatoa maji kwa ndoo, na nikaogopa hapo, nikajua kagusa penyewe. Dogo akacheka mpaka simu ikamdondoka mapajani.

Mechi ya tatu tukafika wa mwisho mwisho, watu 9, tupo wanne wote hai ndani ya nyumba moja chini, zoni inafunga. Nikaona kwenye skrini yangu mkono wa mhusika wake umeshika guruneti, kasimama katikati yetu, pini ashavuta, nikaona vile vinamba vinahesabu kwenye simu yake. Mdogo wangu na yeye kaviona. Akaacha kucheza kabisa, akashusha simu, akageuza shingo akamwangalia dogo usoni, kwa karibu, kama sentimita 30 hivi, hasemi kitu.

Dogo nae akamwangalia. Alafu akalitupa dirishani.